Chumba Kinachoitwa Stoo

Kuna neno fupi ambalo kila anayejifunza kuchora nyumba hapa kwetu hukutana nalo mapema: stoo. Kwenye ramani ya nyumba ya familia yenye kipato cha wastani, huwa limeandikwa ndani ya kisanduku kidogo pembeni ya jiko. Mita mbili kwa mita moja na nusu, mlango mmoja, dirisha hakuna. Ukilisoma neno lenyewe utadhani patakaa gunia la mchele, mtungi wa gesi wa akiba, ndoo na mafagio. Na huenda vikakaa. Lakini mteja anapoagiza ramani, mara nyingi huongeza maneno machache kwa sauti ya chini: "Stoo iwe kubwa kidogo, liingie godoro."

Godoro la nani? Hakuna anayeuliza, kwa sababu kila mtu anajua. Ni la dada wa kazi, ambaye kwa sasa hajulikani hata jina. Nyumba haijaanza kujengwa, na pengine huyo dada bado yuko darasa la sita mkoani. Lakini nafasi yake imeshapimwa.

Swali langu ni hili: mbunifu majengo anapoandika "stoo" huku akijua kwamba mtu atalala humo, je, amedanganya? Na kama amedanganya, amemdanganya nani, na kuna aliyeumia?

Mimi niko masomoni, shahada ya uzamili katika ubunifu majengo. Watu wakiniuliza najiandaa vipi kwa kazi hii, huwa nawatajia vitu vinavyoonekana. Programu za kuchorea kwenye kompyuta. Jalada la kazi zangu bora. Vitabu vya miundo, hali ya hewa na gharama za ujenzi. Nafanya kazi nusu siku kwenye ofisi ndogo ya michoro. Baadaye nitahitaji kukaa chini ya mbunifu aliyesajiliwa, nijaze kumbukumbu za kila nilichofanya, kisha nifanye mtihani wa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Bila usajili huo siruhusiwi kisheria kujiita mbunifu majengo. Orodha hiyo ni ndefu, na yote ni ya lazima. Ila sijaona mahali popote ndani yake palipoandikwa: jifunze kuamua utafanya nini na lile godoro.

Wapo watakaosema hilo halihitaji kuamuliwa. Mteja ndiye mwenye fedha, kiwanja ni chake, na nyumba ni yake. Daktari humtibu mgonjwa aliye mbele yake, na wakili humtetea aliyemlipa. Kwa nini mbunifu ajitwishe mtu wa tatu? Hoja hii ina nguvu kuliko tunavyopenda kukubali tukiwa darasani. Lakini inasahau kitu kimoja kuhusu majengo. Dawa ya daktari inamezwa na mgonjwa mwenyewe, ilhali jengo linaliwa na watu wengi ambao hawakuwahi kukaa kwenye kiti cha mteja: wapangaji, watoto, wagonjwa wa hospitali, wafungwa, wanafunzi, majirani, dada wa kazi. Anayelipa ni mmoja na wanaoishi ndani ni wengi, tena wengine hawajazaliwa. Katika kazi yetu mtu wa tatu yuko ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza.

Jambo hilo tunalikubali haraka sana pale jengo linapoanguka. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, karibu na Mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 lilianguka jingine Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Kila mara baada ya msiba kama huo maswali ni yale yale: nani alichora, nani aliidhinisha, nani alisimamia, saini ya nani iko kwenye karatasi? Hakuna anayesema kwamba mteja alitaka iwe hivyo na mambo yakaishia hapo. Tunajua kuwa saini ya mtaalamu ina deni kwa watu ambao hakuwahi kukutana nao.

Lakini chumba kisicho na dirisha hakianguki. Kinasimama vizuri miaka hamsini. Anayelala humo anaamka na kichwa kizito, anachota maji, anawasha jiko, na hakuna tume inayoundwa.

Shuleni tulifundishwa nyumba nyingi mashuhuri, na nyumba iliyorudiwa mara nyingi kuliko zote ni Villa Savoye, ambayo Le Corbusier aliijenga Poissy, karibu na Paris, ikakamilika mwaka 1931. Tuliichora mara kadhaa. Tulijifunza nguzo zake nyembamba, madirisha yake marefu yanayokwenda kutoka kona hadi kona, na bustani yake ya juu. Ghorofa ya kwanza imejaa mwanga kiasi kwamba hata kwenye picha nyeusi na nyeupe unaweza kuuona. Mwaka wa tatu ndipo nilipoitazama kwa makini ramani ya ghorofa ya chini, ambayo huwa tunaipita haraka ili tupande ngazi. Huko chini kuna maegesho ya gari, mahali pa kufulia, na vyumba vya watumishi na dereva. Nyumba iliyoitangazia dunia namna mpya ya kuishi ilikuwa na watu wanaoishi kwa namna ya zamani, chini yake, kando ya gari.

Tulimsoma pia Louis Kahn, Mmarekani aliyegawa jengo katika nafasi zinazohudumiwa na nafasi zinazohudumia. Maabara za Richards alizozijenga Philadelphia zinaonyesha wazo hilo waziwazi: vyumba vya wanasayansi vinahudumiwa, na minara ya matofali inayobeba ngazi na njia za hewa inahudumia. Ni wazo safi, na limenisaidia kupanga majengo mengi. Ila nikilileta nyumbani kwetu linanikwama kooni. Kwenye nyumba za Kahn nafasi inayohudumia ina mabomba. Kwenye nyumba zetu ina mtu. Mwanafunzi aliyefundishwa kuibana nafasi ya mabomba ili kuipa nafasi sebule atafanya hivyo hivyo kwa nafasi ya mtu, na mchoro wake utapata alama nzuri.

Mtu akisema tumeiga haya kutoka kwa wakoloni, atakuwa na sehemu ya ukweli. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziliigawa Dar es Salaam kwa aina za nyumba, na Waingereza waliokuja baadaye wakaendeleza kanda tatu: nyumba za aina ya Kizungu huku, za biashara na makazi ya Wahindi kule, na vibanda vya Waafrika upande wa Kariakoo, uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati. Werevu wa kanuni hizo ulikuwa kwenye maneno. Hazikulazimika kutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya jengo, na jengo likamtaja mtu. Na hata ndani ya kanda ya Wazungu, nyuma ya nyumba za maofisa, kulikuwa na vyumba vya watumishi Waafrika, kwa sababu kanda hiyo isingeweza kuamka asubuhi bila wao. Kwenye ramani walikuwepo kama vibanda.

Lakini pwani yetu ilijua kuficha watu kabla ya meli za Wajerumani. Katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, familia ya mwenye nyumba iliishi juu, kwenye upepo. Chini kulikuwa na bidhaa na watumwa. Kwa hiyo siwezi kuifanya stoo kuwa mzigo wa mgeni peke yake. Tumeirithi kutoka pande zote mbili, na sasa tunaichora wenyewe kwa kompyuta zetu.

Mama yangu mdogo alifanya kazi za ndani Dar es Salaam kwa miaka sita. Alianza akiwa na miaka kumi na saba. Mshahara wake wa miaka miwili ya mwisho ndio uliolipa ada yangu nilipoingia sekondari, na madaftari, na viatu. Naandika hili kwa sababu msomaji ana haki ya kujua kuwa siitazami stoo kutoka mbali. Sasa ana mgahawa mdogo na watoto wawili. Mwaka jana nilimwomba anieleze chumba alicholala, nikiwa nimeshika kalamu kama mtafiti. Nilitegemea ataanza na dirisha. Mimi ningeanza na dirisha.

"Dirisha la kuangalia nini, mwanangu?" alisema. "Nilikuwa nalala saa sita, naamka saa kumi na moja. Giza kwa giza."

Nikamuuliza, sasa kilichomsumbua ni nini. Alifikiri kidogo, kisha akataja vitu viwili. Cha kwanza ni swichi ya taa, ambayo ilikuwa nje ya chumba, ukutani kwenye korido. Akitaka kuzima taa ilibidi atoke, azime, aingie gizani akipapasa. Na wakati mwingine mtu aliyepita koridoni aliizima tu, kwa kuwa taa ya stoo ikiwaka usiku ni umeme unaopotea. Alikuwa akisoma Agano Jipya, au anashona kifungo, na giza linamshukia bila hodi. Cha pili ni komeo. Lilikuwa nje. Ndani hapakuwa na kitu. "Nilikuwa naegesha ndoo ya maji mlangoni," alisema. "Mtu akisukuma nisikie." Hakuendelea, nami sikumuuliza zaidi. Aliinuka akaenda kugeuza chapati.

Nimelifikiria hilo kwa miezi. Mwanzoni nilidhani ni ukatili wa wenye nyumba ile. Baadaye nikaelewa kwamba huenda hakuna mtu hata mmoja katika ile nyumba aliyeamua swichi ikae nje. Fundi umeme aliiweka pale kwa sababu mchoro ulisema stoo. Swichi ya stoo huwekwa nje ili mtu awashe kabla ya kuingia, mikono ikiwa imebeba mzigo. Seremala aliweka komeo nje kwa sababu stoo hufungwa kutoka nje, mchele haujifungii. Aliyepiga lipu hakulainisha kuta, aliyeweka dari hakufika humo, na aliyekagua michoro hakuuliza dirisha, kwa sababu kanuni za ujenzi zinadai mwanga na hewa kwa chumba cha kuishi mtu, na stoo haimo kwenye hesabu hiyo. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa uaminifu. Wote walilitii neno moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti. Tunazoea kudhani kuwa maneno kwenye ramani ni lebo tu, na kuta ndizo jengo. Lakini neno kwenye ramani ni agizo. Linasafiri kutoka mezani kwa mchoraji hadi kwa watu kumi ambao hatawahi kukutana nao, na kila mmoja analitafsiri kwa zana aliyoishika. Ukiandika "chumba cha kulala", fundi umeme anaweka swichi ndani bila kuambiwa. Seremala anaweka kitasa. Mkaguzi anatafuta dirisha. Hakuna aliyegeuka kuwa mtu mwema kati ya neno la kwanza na la pili. Wamesoma tu.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali langu: ndiyo, kuandika stoo pale anapolala mtu ni uongo. Na unamuumiza mtu mahususi, kwa vitu mahususi, kwa urefu wa sentimita tisini kutoka upande mmoja wa mlango hadi mwingine.

Sasa niseme yanayonipinga, maana yapo na mengine yamenipata mwenyewe.

Ofisini tulipata mteja, mama mmoja muuguzi, anayejenga kidogo kidogo kwa mkopo wa SACCOS. Kiwanja chake kilikuwa mita ishirini kwa kumi na tano. Alitaka vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, choo cha wote, na stoo ya kuingia godoro la futi mbili na nusu. Kazi ya kuandaa rasimu niliipewa mimi. Nilipunguza korido, nikaisogeza stoo hadi ukuta wa nje, nikaipa dirisha la sentimita sitini, swichi ndani, na nikaandika: chumba cha msaidizi. Mteja alipoiona alinyamaza, kisha akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, hiki ni chumba cha nne. Mimi nimeomba vitatu."

Nikamwambia, shikamoo mama, ukubwa ni ule ule, gharama iliyoongezeka ni ya dirisha moja.

"Najua. Lakini ukiandika hivyo nitaonekana nina nyumba ya vyumba vinne. Ndugu zangu wa kijijini wakija watauliza kwa nini walale sebuleni na dada ana chumba. Na mimi mwenyewe, unajua nililala wapi nikisoma uuguzi? Kwa shangazi, jikoni, kwenye mkeka. Huyo dada wangu atakuwa na godoro."

Hakuwa mtu mbaya. Aliyasema akiwa amechoka, katoka zamu ya usiku. Baada ya wiki mbili alirudi akaomba ramani ile ile, neno lile liondolewe. Dirisha alilikubali. Bosi alimpa mwenzangu amalizie, kisha akaniita pembeni. Alisema, bila hasira, kwamba nikifungua ofisi yangu nitaandika ninachotaka.

Nina hoja tatu za kujibu kutoka kwenye mazungumzo yale, na mbili kati yake siwezi kuzishinda kabisa.

Ya kwanza ni ya umaskini. Mchoro wangu hauwezi kuongeza mita kwenye kiwanja wala shilingi kwenye mkopo. Katika nyumba ya vyumba viwili ambamo watoto watano na dada wanalala pamoja, hakuna aliyefichwa, wamebanana wote. Sina neno dhidi ya nyumba hiyo. Ninachokipinga ni nyumba ambayo ina nafasi ya kabati la vyombo visivyotumika na haina nafasi ya swichi ndani ya mlango. Lakini mpaka kati ya nyumba hizo mbili hauko wazi kila mara, na yule muuguzi alikuwa mahali fulani katikati.

Ya pili ni ya kiburi. Nani aliyenituma kumsemea dada? Historia ya kazi yetu imejaa watu wema waliojua wanachohitaji maskini kuliko maskini wenyewe. Hassan Fathy, Mmisri ambaye bado namheshimu kuliko wengi, alijenga Gourna Mpya karibu na Luxor kuanzia miaka ya 1940, kwa udongo, kwa kuba na mabaraza, kwa ajili ya wanakijiji waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Kilikuwa kijiji kizuri. Wengi wao walikataa kuhamia. Maisha yao na riziki zao zilikuwa kule juu, na serikali ndiyo iliyotaka wahame. Uzuri wa nyumba haukujibu swali ambalo hawakuliuliza. Mama mdogo alinifunza somo hilo hilo kwa chapati mkononi: mimi nilikuja na dirisha, yeye alikuwa na ndoo mlangoni. Kuna madada wanaopenda kulala chumba kimoja na watoto, kwa sababu ndipo wanapojisikia salama. Chumba cha peke yake huko uani, nilichokuwa tayari kukiita heshima, kwa mwingine ni hofu.

Hoja hiyo naipokea, lakini naona inanielekeza kwenye kuuliza, hainielekezi kwenye kunyamaza. Na wapo waliokwisha kuuliza. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, pamoja na Pendekezo namba 201 linaloambatana nao. Pendekezo hilo linashuka hadi kwenye chumba chenyewe: kiwe cha peke yake na chenye faragha, kiwe na samani zinazofaa, hewa ya kutosha na mwanga wa kutosha, na kiwe na kitasa ambacho ufunguo wake anapewa mfanyakazi. Nilipolisoma mara ya kwanza nilisimama kwenye ule ufunguo. Maneno yale yamesafiri hadi Geneva na kurudi, na bado yanasema alichoniambia mama mdogo: komeo na taa. Sidhani kama ni bahati. Nadhani huko nako kuna mtu aliyewasikiliza waliolala humo.

Ya tatu ni ile ya bosi, na hii ndiyo ninayoikataa moja kwa moja. Ukifungua ofisi yako utaandika unachotaka. Ni ushauri wa busara na nimeusikia kwa sura nyingi. Darasani tuliambiwa mambo ya maadili tutayakuta kazini. Kazini tunaambiwa tusubiri usajili. Aliyesajiliwa anaambiwa asubiri ofisi yake, na mwenye ofisi ana mishahara ya watu wanne mwisho wa mwezi, kwa hiyo anamsubiri mteja mwelewa. Kwa mpangilio huo hakuna siku ambayo mtu anafika. Anazeeka akijiandaa. Mkono ulioandika stoo kwa miaka kumi kwa sababu ni wa mwanafunzi, kisha wa mwajiriwa, hautaandika kitu kingine siku utakapokuwa wa bosi. Utakuwa umesahau kwamba palikuwa na neno jingine.

Wanafunzi wanaotutangulia hutuambia kazi hii inaanza siku ya mtihani wa Bodi. Kisheria ni kweli. Lakini sehemu ya kazi inayohusu godoro ilianza mchoro wa kwanza niliochora nikijua nani atalala wapi, na hiyo ilikuwa zamani. Sina mamlaka ya kusaini. Nina mamlaka ya kuuliza wakati rasimu bado ni penseli, ambapo kusogeza ukuta kunagharimu kifutio. Baada ya msingi kuchimbwa, hata mbunifu aliyesajiliwa hawezi tena kwa urahisi.

Na nimejifunza kuuliza vizuri zaidi. Neno "chumba cha msaidizi" lilimtisha yule mama kwa sababu lilimhukumu kabla halijamsaidia. Siku hizi siandiki kwanza. Nauliza tu, kama ninavyouliza kuhusu gari na tangi la maji: mama, usiku wako watu wangapi? Wanalala wapi? Anayeamka wa kwanza ni nani, na anapita wapi bila kuwaamsha wengine? Watu hujibu maswali hayo bila kujitetea. Mmoja alihesabu kwa vidole, akafika kwa dada, akasita, akasema, "Huyo naye tumwekee pa kwake." Wengine wanahesabu na kumruka. Nikiona amerukwa nauliza tena, mara moja. Wakikataa, naomba angalau swichi ikae ndani na komeo likae ndani, na naliandika hilo kwenye mchoro kwa maandishi yanayosomeka, hata kama juu yake pameandikwa stoo. Hakuna mteja aliyekataa bado. Inagharimu waya wa mita moja.

Sijui kama hiyo ni maadili au ni mapatano na uongo. Naona ni vyote viwili. Stoo yenye swichi ndani bado ni stoo, na yule atakayelala humo bado hakuulizwa na mtu. Ila fundi umeme akifika siku hiyo, ataisoma karatasi, atashangaa kidogo kwamba swichi ya stoo iko ndani, na ataelewa bila kuambiwa kuwa humo kuna mtu. Mimi sitakuwepo, wala mteja hatakuwepo. Atatoboa ukuta upande wa ndani, karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa aliyelala unaweza kufika.